Kibofu Kisichojua Usiku

Usiku wa kwanza wa matanga ya bibi yetu, wanaume tulitandika mikeka chini ya turubai, tukajifunika mashuka na makoti, kila mmoja akajitafutia usingizi wake. Baba mdogo hakulala. Aliketi kwenye kigoda kando ya moto, akisogeza kuni na kurudisha makaa yaliyoanguka, mpaka jogoo wakawika. Usiku wa pili ikawa vivyo hivyo. Kufika wa tatu, wazee walikuwa wameshaanza kumsifu: huyu ndiye aliyempenda mama yake.

Asubuhi nilipokuwa nikimsaidia Mama mdogo kuinjika maji ya chai, nilimwambia jinsi sote tulivyoguswa. Alitazama kulia na kushoto kwanza. "Uchungu anao kama ninyi, mwanangu," akasema. "Lakini kinachomfanya akeshe si uchungu. Anaogopa kulala mbele za watu."

Miezi minne kabla ya msiba huo, Baba mdogo alikuwa ameondolewa kibofu cha mkojo kilichoota saratani, akatengenezewa kingine kwa utumbo wake mwenyewe. Mchana alikuwa mzima: anapalilia, anakwenda mnadani, anarudi na nguo kavu. Usiku alikuwa akilowa.

Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti la kutotaja jina lake. Sharti hilo halinishangazi. Mtoto akilowesha kitanda huitwa kikojozi, wenzake wakamwimbia, godoro likaanikwa juani, na mambo yakaishia hapo. Kwa mtu mwenye wajukuu, neno hilo ni tusi. Basi watu hunyamaza, na kimya hicho, kama nilivyokuja kuona, kina madhara kuliko mkojo wenyewe.

Kutoka lambo hadi chumba cha upasuaji

Baba mdogo alikulia Kwimba, akichunga ng'ombe. Wachungaji waliogelea kwenye malambo yale yale waliyonyweshea mifugo, na msimu wa mpunga walishinda kwenye majaruba, maji yakiwafika magotini. Huko ndiko kichocho cha mkojo kinakopatikana. Ufukweni mwa Ziwa Victoria watu huugua zaidi kile cha tumbo. Cha mkojo hupenda vidimbwi na malambo ya ndani, wanakoishi konokono wanaokilea. Mvulana akikojoa damu siku hizo, wazee hawakushtuka. Walisema anakua.

Mdudu wa kichocho hicho alitambuliwa mwaka 1851 mjini Cairo na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Mayai yake hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza miaka mingi, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka mdudu huyo kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani. Sigara nayo ni kisababishi kikubwa. Daktari wa Baba mdogo hakudai kujua ni kipi kilichomletea yeye, ila alimuuliza habari za malambo kabla ya kumuuliza habari za sigara.

Saratani ikishazama kwenye msuli wa kibofu, mara nyingi tiba ni kukiondoa chote. Mkojo lazima upewe njia nyingine. Njia ya zamani, iliyoenezwa na daktari Mmarekani Eugene Bricker mwaka 1950, ni kutumia kipande kifupi cha utumbo kuutoa mkojo kwenye tundu la tumboni, unakopokelewa na mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Njia ya pili ni kushona kibofu kipya na kukiweka pale pale palipokuwa na cha kwanza, mtu aendelee kukojoa kwa njia aliyozaliwa nayo. Urs Studer wa Bern, Uswisi, na Richard Hautmann wa Ulm, Ujerumani, waliiendeleza sana katika miaka ya 1980. Misri nayo, nchi iliyoteswa na kichocho tangu enzi za mafarao, ilijenga ujuzi wake: kituo cha figo na njia ya mkojo cha Mansoura, kilichofunguliwa mwaka 1983 chini ya Mohamed Ghoneim, kimewafanyia upasuaji huu wagonjwa wengi, na wengi wao saratani zao zilitokana na mdudu huyo huyo.

Utumbo haukuacha tabia zake

Kibofu kipya hutengenezwa kwa utumbo mwembamba wenye urefu wa sentimita 60 hivi, kama mkono wa mtu mzima kutoka kwapani hadi kiganjani. Daktari hukikata kipande hicho, akaziunganisha tena ncha za utumbo uliobaki ili chakula kiendelee kupita. Kile kipande hupasuliwa kwa urefu, kikakunjwa na kushonwa kuwa kifuko cha mviringo. Juu huunganishwa mirija inayotoka kwenye figo. Chini huunganishwa njia ya mkojo, pamoja na ule msuli wa mlango unaozuia mkojo usitoke ovyo. Msuli huo ni wa asili. Vingine vyote ni vigeni kwenye kazi hii.

Utumbo uliopewa kazi ya kibofu huja na tabia zake tatu. Umezoea kujikamua ili kusukuma chakula. Umezoea kutoa ute. Na umezoea kupitisha maji na chumvi kati yake na damu. Karibu kila usumbufu anaoupata mgonjwa, ukiufuatilia, utaukuta kwenye mojawapo ya tabia hizo.

Mwanzoni kifuko hicho ni kidogo na kigumu, hubeba kama mililita 150, chini ya kikombe kimoja cha chai. Kinatakiwa kitanuke taratibu hadi mililita 400 au 500. Aliyewahi kupuliza puto anaijua siri yake: pumzi za kwanza ndizo ngumu, likishapanuka linapokea bila kushindana. Kibofu cha utumbo nacho kikiwa kidogo huwa na msukumo mkubwa ndani yake. Kikitanuka, msukumo hupungua na mlango hupata nafuu. Kwa hiyo mgonjwa anayekimbilia chooni kila dakika kumi kwa hofu ya kulowa anakizuia kibofu chake kukua.

Kwa nini usiku

Swali la Mama mdogo lilikuwa la haki: kama mchana anaweza kujizuia, usiku anashindwaje?

Jibu la kwanza liko kwenye mishipa ya fahamu. Kibofu cha kuzaliwa kikianza kujaa hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na mlango hujikaza wenyewe, hata mtu akiwa amelala fofofo. Mkojo ukizidi, habari hufika kwenye ubongo na mtu huamka. Kilipoondolewa kibofu, mawasiliano hayo yaliondoka nacho. Mchana mtu huubana mlango kwa hiari yake. Akilala, hiari nayo hulala, mlango hulegea, na kifuko kilichojaa hujikamua kama utumbo ulivyozoea. Hakuna wa kumwamsha mwenye nyumba.

Jibu la pili liko kwenye maji. Mkojo wa usiku huwa mzito, na ukuta wa utumbo haupendi kushika kitu kilicho kizito kuliko damu. Hupitisha maji kutoka mwilini kuupunguza uzito wake. Kifuko hujazwa na figo, kisha kikajiongezea chenyewe. Jibu la tatu ni umri: kadiri mtu anavyozeeka, figo zake hutengeneza sehemu kubwa zaidi ya mkojo usiku.

Ndiyo maana mchana hukauka kwanza na usiku hufuata nyuma, mara nyingi kwa miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka mmoja hadi miwili. Takwimu hutofautiana toka hospitali moja hadi nyingine, lakini kwa jumla kati ya mtu mmoja kwa kila watano na nusu ya wagonjwa huendelea kulowa usiku kwa kiasi fulani. Si uzembe wao, wala si dalili kwamba daktari aliharibu.

Baba mdogo hakuambiwa lolote kati ya haya. Karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa, kwenye hospitali moja kubwa, ilikuwa na tarehe ya kurudi, majina ya dawa na maelezo ya kidonda. Habari za usiku hazikuwamo. Alipolowa wiki ya kwanza alidhani atapona. Alipolowa mwezi wa pili alihamia sebuleni, akalala kwenye mkeka. Mwezi wa tatu aligundua tiba yake mwenyewe: aliacha kunywa maji.

Kikombe kimoja kwa siku

Wiki mbili baada ya matanga alianguka shambani. Alikuwa amekonda, chakula kimemshinda, anatapika, anapumua kwa haraka. Ndugu wengine walishasema saratani imerudi. Daktari wa zamu alimuuliza jambo moja: "Mzee, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?" Akajibu: kikombe, cha kumezea dawa.

Tabia ya tatu ya utumbo ilikuwa imemfikia. Mkojo unapokaa kwenye kifuko, ukuta wake hufyonza sehemu ya taka zilizokuwa zimeshatolewa na figo, na damu hugeuka kuwa na asidi. Kwa mtu anayekunywa maji ya kutosha na mwenye figo nzima, mwili hulimudu jambo hili. Kwa aliyejinyima maji, na ambaye kifuko chake kinapoteza chumvi, hasa miezi ya mwanzo, mambo huharibika haraka: uchovu, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kupungua uzito. Alitundikiwa dripu, akapewa dawa ya kupunguza asidi, na siku ya nne akaomba ugali.

Hapa ndipo nilipoielewa hesabu yote. Mkojo wa usiku ulimharibia shuka. Aibu ya mkojo huo ndiyo iliyomlaza wodini.

Mwenye kibofu cha namna hii anatakiwa kunywa lita mbili hadi tatu za maji kwa siku, isipokuwa daktari wake amemwekea kipimo kingine kwa sababu ya moyo au figo. Ujanja ni kuyanywa mapema. Anywe sana asubuhi na mchana, apunguze kuanzia saa 12 jioni, na chai, kahawa na pombe za usiku aziache. Anayemeza vidonge vya kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu amuulize daktari kama anaweza kuvimeza asubuhi. Ambaye miguu humvimba, aiinue alasiri kwa saa moja au mbili, ili maji yaliyojikusanya humo yatoke kabla hajapanda kitandani. Dawa ya asidi hutolewa baada ya kupima damu. Magadi ya dukani hayachukui nafasi yake.

Saa nne, saa saba, saa kumi

Aliyembadilishia maisha Baba mdogo ni muuguzi wa kliniki. Aligeuza kadi yake, akaandika nyuma kwa kalamu nyekundu: saa 4, saa 7, saa 10. Akamwambia: "Kibofu chako hakijui usiku, kwa hiyo wewe ndiye utakayekuwa saa yake."

Maana yake ni hii. Unakojoa saa 4 usiku kabla ya kulala. Simu inakuamsha saa 7 usiku, unakojoa. Inakuamsha tena saa 10 alfajiri. Husubiri kuhisi umebanwa, kwa kuwa kibofu hiki hakibani kama kile cha zamani. Wengi huhisi tu uzito tumboni, au kitu kama gesi. Mchana wiki za kwanza ni kila saa mbili, kisha tatu, kisha nne, kadiri kifuko kinavyotanuka. Usiku nao, ukikaa mkavu wiki kadhaa mfululizo, unajaribu kusogeza saa moja mbele. Ukilowa, unairudisha, na kesho yake unaanza tena bila kujilaumu. Mipaka ipo: kifuko kikiachwa kijae kupita kiasi hulegea, kisha kikashindwa kumwaga.

Kukojoa kwenyewe nako kunafundishwa upya. Kifuko hakina msuli wa kusukuma kama ule wa awali. Mtu hukaa, mwanamume pia, hulegeza misuli ya chini, huinama mbele na kulikaza tumbo polepole, pengine akiminya kwa kiganja chini ya kitovu. Akimaliza husubiri dakika chache, halafu hujaribu tena. Mara nyingi hutoka mkojo mwingine, na huo ndio ambao ungemwagika kitandani.

Wapo ambao mkojo hubaki mwingi ndani kila wakati. Hao huvuja usiku kwa sababu chombo kimefurika, na kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti baada ya kukojoa hulibainisha hilo. Huwatokea wanawake zaidi kuliko wanaume. Dawa yao ni kujifunza kujipitishia mpira mwembamba wa mkojo kwa mikono safi, jambo linalotisha kwa kusikia kuliko kwa kutenda. Mpira huo husaidia pia ute unapoziba njia. Maji ya kunywa ya kutosha huufanya ute uwe mwepesi.

Kisha kuna mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga. Ukaze misuli kama anayezuia ushuzi mbele ya wakwe, uhesabu hadi tano au kumi, ulegeze, urudie mara kumi, mara tatu kwa siku. Yanasaidia sana mchana. Usiku msaada wake ni mdogo, kwa sababu niliyokwisha kuitaja: hiari hulala. Asiyeambiwa hivyo hufanya mazoezi miezi sita, akalowa, akakata tamaa.

Kitanda, ngozi na mfuko wa fedha

Godoro la Baba mdogo halianikwi tena. Mama mdogo alinunua mpira wa kutandika, ule ule ambao akina mama huambiwa wabebe wanapokwenda kujifungua, akaufunika kwa shuka, na juu yake khanga iliyokunjwa mara nne. Akilowa, khanga inatolewa, nyingine inawekwa, dakika mbili wamerudi kulala. Kando ya kitanda kuna kopo lenye kifuniko, kwa kuwa choo kiko uani na njia ya gizani ina mashimo.

Pampasi za watu wazima zinauzwa kwenye maduka ya dawa, lakini bei yake kwa mkulima, kila usiku, kwa miezi kumi na mbili, ni mzigo. Anayeweza huzitunza kwa ajili ya safari. Kwa wanaume kuna pia mpira unaovaliwa kama kondomu, wenye mrija unaopeleka mkojo kwenye mfuko; usibane sana, na uvuliwe asubuhi ngozi ipumue. Vibanio vya uume visivaliwe usingizini, kwa sababu vinaweza kuzuia damu bila mwenyewe kujua. Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni laini, ikaushwe kwa kugusa, ipakwe mafuta mazito.

Kuna dawa inayopunguza mkojo wa usiku ambayo baadhi ya madaktari huitoa. Huweza kushusha chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari, hasa kwa wazee, kwa hiyo huendana na vipimo vya damu. Si ya kununua kwa kuelekezwa na jirani. Kwa wachache wasiokauka hata baada ya muda mrefu, kuna upasuaji wa kuweka mlango bandia, ambao si kila hospitali inaufanya.

Kwa Waislamu, swali la twahara huja mapema. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na wengi mwambao wetu, ilishaliona jambo hili karne nyingi kabla ya upasuaji huu: mtu ambaye mkojo wake haukatiki hujisafisha, hujifunga, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha huswali bila kuchelewa. Anayelowa usingizini tu, akiamka hujisafisha na kutawadha kama kawaida. Kuhusu Ramadhani, azungumze na daktari na shehe wake kabla ya mwezi kuandama, maana tumeshaona kukosa maji kunavyomfanya mwenye kibofu cha utumbo.

Na yapo yasiyongoja asubuhi: mkojo kugoma kutoka kabisa huku tumbo likijaa, homa na baridi pamoja na maumivu ya kiuno, kutapika mfululizo, damu nyingi kwenye mkojo. Aliyekuwa amekauka kwa miezi kadhaa kisha akaanza kulowa ghafla naye apimwe, kwani huenda ni maambukizi au mkojo unaobaki ndani. Kila mwaka apimwe figo, damu na vitamini B12, ambayo hufyonzwa kwenye mwisho wa utumbo huo mwembamba.

Ukurasa mmoja

Nilimuuliza Baba mdogo kama angerudishwa siku ile ya kuchagua, angechagua mfuko wa tumboni. Alifikiri sana. Mwenye mfuko huunganisha chombo kikubwa usiku, akalala mpaka asubuhi bila simu kumwamsha. Alisema angechagua hiki hiki alicho nacho. "Ila ningetaka niambiwe bei yake kabla sijanunua."

Hilo ndilo deni la hospitali zetu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe kwa mgonjwa na kwa atakayelala naye chumba kimoja, kabla ya upasuaji na tena siku ya kuruhusiwa: usiku utalowa kwa muda, sababu ni hii, saa zako ni hizi, maji usiache. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako kuna aliyehamia sebuleni baada ya upasuaji wa namna hii, usimuulize kwa nini anakesha. Muulize leo amekunywa maji kiasi gani.

Baba mdogo sasa ana mwaka na miezi mitano tangu apasuliwe. Hulowa usiku mmoja au miwili kwa wiki. Amerudi chumbani.